Ua la Siku Mbili: Kwa Nini Mbuni wa Karagwe Huhitaji Kiangazi na Jirani

Mwezi Agosti unapokaribia kwisha, mashamba ya Nyakasimbi, katika Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, kwa kawaida huwa yamekaa wiki nyingi bila mvua ya maana. Vumbi la barabarani hutua juu ya majani ya migomba, na mibuni iliyosimama kati ya migomba hiyo huonekana kana kwamba imechoka. Majani yake huinama kidogo wakati wa adhuhuri, na ncha za matawi hazitoi chipukizi jipya. Kisha mvua ya kwanza hunyesha. Kwa siku chache halionekani badiliko lolote. Lakini juma moja hivi likipita, mkulima huamka asubuhi na kukuta kibanja chake kimegeuka cheupe, na harufu tamu kama ya asumini imeenea hadi uani. Siku ya tatu weupe ule umekwisha kuwa wa kahawia, na petali zinadondoka.

Katika siku hizo mbili au tatu, sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka unaofuata huwa imekwisha kuamuliwa. Ua lililopata chavua ifaayo litakuwa tunda baada ya miezi kumi hadi kumi na moja. Ua lililoikosa litaanguka, na hakuna mbolea wala palizi itakayolirudisha. Kwa hiyo yafaa tujiulize maswali mawili. La kwanza, ni kitu gani kinachoiambia mibuni yote ichanue siku moja? La pili, kwa nini shamba laweza kuchanua vizuri sana, kisha likazaa matunda machache? Swali la pili lina uzito wa pekee wakati huu ambapo wakulima wengi wa Kagera wanaing'oa mibuni ya zamani na kupanda miche mipya ya vikonyo.

Kalenda ya mimea

Mbuni ni wa kundi la vichaka visivyopukutisha majani. Mimea ya namna hii hubaki na majani mabichi mwaka mzima, lakini haichanui ovyo. Kila mmoja una kalenda yake, na kalenda hiyo husomwa katika hali ya nchi.

Katika nchi za mbali na ikweta zenye baridi ya kadiri, kwa mfano sehemu za Japani, Ureno na kusini mwa Uingereza, watu hupanda bustanini kichaka kiitwacho kamelia. Matumba yake huundwa wakati wa joto, siku zinapokuwa ndefu; kisha husubiri ubaridi ndipo yafunguke, na maua yake huonekana katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo miti mingine mingi imesimama mitupu. Msomaji wa Tanzania anamfahamu ndugu wa karibu wa mmea huo bila ya kujua: mchai unaolimwa Rungwe, Mufindi, Usambara na hata Maruku karibu na Bukoba ni wa jenasi hiyo hiyo ya Camellia.

Karagwe haina majira ya namna hiyo. Wilaya hii iko kusini kidogo tu ya ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haizidi robo saa. Kipupwe cha Juni na Julai huleta ubaridi wa usiku, lakini si baridi ya kusimamisha mimea. Mmea ukitaka kujua kuwa mwaka umegeuka, hauna budi kutafuta dalili nyingine. Kwa mbuni dalili hiyo ni maji: kwanza kuyakosa, kisha kuyapata.

Tumba lilalalo

Tukitaka kuelewa jambo hili, tulitazame tawi la mbuni kwa makini. Mbuni una matawi ya namna mbili. Shina na maotea hukua kwenda juu, na hayazai maua. Maua huzaliwa kwenye matawi ya ubavuni, yale yanayokua kwa kulala, katika kwapa za majani, yaani pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Aghalabu hutokea kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na pingili ikishazaa haizai tena kwa wingi. Ndiyo sababu tawi kuukuu huwa tupu upande wa shina, na matunda husogea mwaka hata mwaka kuelekea nchani. Mbuni usiopogolewa hubaki na matawi marefu yenye matunda machache mwishoni.

Matumba huanza kuundwa miezi mingi kabla ya kuchanua. Hukua polepole mpaka kufikia milimeta chache tu, kisha husimama. Hali hiyo wataalamu huiita usingizi wa tumba. Lililolala halijafa wala halina ugonjwa. Viungo vyote vya ua vimekwisha kuumbika ndani yake, na linangoja amri. Wakati wa kiangazi mkulima akilifungua tawi kwa vidole atayaona matumba hayo ya kijani yamejipanga kwenye kila pingili, yote ya kimo kinacholingana. Usingizi huo una faida kubwa. Matumba yaliyoundwa kwa nyakati mbalimbali hupata nafasi ya kungojana, na yakiamshwa huamka pamoja.

Jaribio la kunyima maji

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mvua peke yake ndiyo huchanusha mbuni. Mwaka 1960 mtaalamu wa fiziolojia ya mimea Paulo Alvim alitoa katika jarida la Science taarifa fupi iliyobadilisha mawazo hayo. Alionyesha kwamba mibuni iliyonyweshwa maji mfululizo, bila kukauka hata mara moja, ilibaki na matumba yaliyolala. Ile iliyonyimwa maji kwa muda, kisha ikanyweshwa, ilichanua. Maana yake ni kwamba ukame wenyewe ni sehemu ya kazi. Mvua ni ufunguo, lakini kiangazi ndicho kinachotengeneza kufuli la ufunguo huo.

Hapa Afrika Mashariki uchunguzi uliendelea katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, nchini Kenya. Mwaka 1973 G. Browning alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya homoni za matumba ya kahawa aina ya arabika. Alikuta kwamba homoni iitwayo jibereli huongezeka katika matumba baada ya mti kupata maji, kabla tumba halijaanza kuvimba. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, hasa huko Brazil, umeonyesha kuwa ethileni nayo hushiriki, na kwamba mizizi iliyokauka kisha ikaloa hupeleka ujumbe wake juu kwenye matawi. Kwa lugha nyepesi, tumba halihisi mvua inayoligusa tu; hupokea habari kutoka ardhini.

Wakulima wa India kusini wamelitumia jambo hili kwa vitendo. Katika wilaya ya Kodagu, wanaolima robusta huiacha mibuni yao ikauke baada ya mavuno. Mvua isipokuja kwa wakati, hunyunyizia maji kwa mitambo mwezi Februari au Machi, kiasi cha kulowesha udongo hasa, ili shamba lote lichanue mara moja. Wiki mbili hadi tatu baadaye hunyunyizia tena ili matunda machanga yasianguke.

Hatari iko katika mvua ya kubahatisha. Manyunyu yanayolowesha vumbi bila kufika kwenye mizizi huweza kuyaamsha matumba nusunusu. Hapo hutokea maua madogo, magumu, yenye petali fupi za kijani zilizosimama kama nyota, nayo hayazai. Au huchanua sehemu tu ya matumba, mengine yakangoja mvua nyingine. Matokeo yake, tawi moja huwa na matunda mekundu, ya kijani na machanga kwa pamoja. Mkulima hulazimika kurudia kuchuma mara nyingi au, kwa kuchoka, hukamua tawi zima na kuharibu ubora wa kahawa yake. Kadiri mvua za vuli zinavyozidi kuyumba, ndivyo tatizo hili linavyostahili kuangaliwa.

Ua lisilojikubali

Sasa tuchukulie kwamba kiangazi kilikuwa kizuri, mvua ilinyesha vya kutosha, na shamba lote limechanua. Je, matunda yamehakikishwa? Jibu hutegemea aina ya kahawa.

Arabika ina kromosomu 44, na ua lake huweza kujichavusha lenyewe. Mti mmoja wa arabika uliopandwa peke yake uani utazaa. Robusta, ambayo jina lake la kitaalamu ni Coffea canephora, ina kromosomu 22, na tabia yake ni tofauti kabisa. Chavua ya mti wa robusta ikitua juu ya ua la mti huo huo huweza kuanza kuota, lakini mrija wake husimamishwa njiani kabla ya kuifikia ovari. Mti hujitambua na kujikataa. Mwaka 1959 Devreux na wenzake, waliochunguza kahawa ya Kongo, walieleza kwamba tabia hii hutawaliwa na jeni za mahali pamoja katika kromosomu, zenye sura mbalimbali. Zimezoeleka kuandikwa S1, S2, S3 na kuendelea.

Kanuni yake si ngumu. Kila mti una jeni mbili za namna hiyo. Kila chembe ya chavua hubeba moja. Chembe ikiwa na jeni iliyo sawa na mojawapo ya jeni za ua inalotua, hukataliwa. Tuseme mti una S1 na S2. Ukipata chavua kutoka kwa mti mwingine wenye S1 na S2, chembe zote zitakataliwa. Ukipata kutoka kwa mti wenye S1 na S3, nusu ya chembe itapokelewa, yaani zile zenye S3. Ukipata kutoka kwa mti wenye S3 na S4, zote zitapokelewa. Kwa hiyo uzazi wa mbuni wa robusta hautegemei afya yake peke yake. Hutegemea pia jirani yake ni nani.

Kibanja cha zamani na miche mipya

Robusta si mgeni katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria. Muda mrefu kabla ya wakoloni, Wahaya na majirani zao walikuwa wakichemsha matunda ya mbuni pamoja na majani yenye harufu nzuri, kuyakausha, na kuyatafuna. Kahawa hiyo ya kutafuna ilitolewa kwa mgeni, na ilitumika pia katika kufunga udugu wa damu. Mibuni iliyotoa kahawa hiyo, na mingi iliyopandwa baadaye kwa ajili ya biashara, ilitokana na mbegu au na miche iliyojiotea chini ya miti mikubwa. Na kwa kuwa mbegu ya robusta kwa kawaida ina wazazi wawili mbalimbali, kila mti uliotokana nayo ni tofauti na mwenzake. Mmoja huzaa punje kubwa, wa pili huzaa nyingi, wa tatu huvumilia jua. Mtaalamu wa kilimo angeweza kuliona shamba la namna hiyo kuwa ni mchanganyiko usio na mpango. Lakini mchanganyiko huo ndio uliokuwa ukihakikisha kwamba kila ua lina chavua ya kulifaa. Mzee wa kibanja hakuhitaji kuzijua S1 na S2; mbegu zilimfanyia hesabu hiyo.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya ugonjwa. Mnyauko fuzari wa kahawa, uletwao na ukungu uitwao Fusarium xylarioides, ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1993 uliripotiwa Uganda, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Ukungu huo huziba mishipa ya maji ya mti. Majani hunyauka, hukauka na kuanguka, na mti hufa. Hakuna dawa ya kuuponya. Njia iliyobaki ni kung'oa, kuchoma moto palepale, na kupanda mibuni yenye ukinzani.

Kazi ya kuitafuta mibuni hiyo ilifanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, mahali ambapo utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934, na yenye kituo chake Maruku kwa ajili ya robusta ya Kagera. Mibuni iliyostahimili ugonjwa ilichaguliwa, ikapimwa, na sasa huzalishwa kwa vikonyo. Njia hii ni ya lazima: mbegu ya mti wenye ukinzani huchanganya damu na baba asiyejulikana, na huenda mtoto asirithi ukinzani huo. Kikonyo hakichanganyi kitu. Mche utokanao nacho ni nakala kamili ya mama.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuangalia. Nakala kamili ya mama hubeba pia jeni zile zile za S. Tuchukue mfano wa mkulima aliyepoteza mibuni yake kwa mnyauko, akapata miche mia mbili ya aina moja anayoisifu jirani, akaipanda yote katika kibanja kimoja. Kwa macho ana miti mia mbili. Kwa hesabu ya uzazi ana mti mmoja, uliorudiwa mara mia mbili. Baada ya miaka mitatu shamba lake litachanua likapendeza, na maua mengi yataanguka bila kuzaa, isipokuwa yale yatakayoletewa chavua na upepo au nyuki kutoka kwingine. Huenda akalaumu mbolea, akalaumu mvua, au akalaumu miche. Kosa liko katika kuipanda aina moja peke yake.

Upepo na nyuki

Chavua ya robusta ni nyepesi, na upepo huweza kuipeleka mbali kiasi. Hata hivyo upepo hauchagui. Nyuki husaidia sana. Mwaka 2003 watafiti Klein, Steffan-Dewenter na Tscharntke walichapisha matokeo ya kazi yao huko Sulawesi, nchini Indonesia. Walikuta kwamba mashamba ya robusta yaliyotembelewa na aina nyingi za nyuki yalishika matunda mengi zaidi, na kwamba mashamba yaliyo karibu na msitu yalikuwa na nyuki wengi zaidi kuliko yaliyo mbali. Mwaka 2013 Wright na wenzake walionyesha jambo la kushangaza: mbochi wa maua ya kahawa una kafeini kidogo, na nyuki walioionja katika majaribio walikumbuka vizuri zaidi harufu ya ua lililowapa chakula. Mbuni, kama tungesema kwa mzaha, humkumbusha mgeni wake kurudi.

Kwa Karagwe na Kyerwa, maana yake ni wazi. Mzinga ulio pembeni ya kibanja na kichaka kilichoachwa mpakani ni sehemu ya shamba la kahawa. Na dawa ya wadudu ikipulizwa katika siku zile mbili za maua huua vibarua wasiodai ujira.

Mambo ya kuzingatia

1. Anayepanda miche ya vikonyo ya robusta achanganye aina tatu au nne zilizoidhinishwa, na azipange kwa mistari inayopishana, si kila aina katika pembe yake. Aulize jina la kila aina anapochukua miche, na aandike alipoipanda.

2. Vikonyo vya kuzalisha miche vitolewe kwenye maotea yanayokua kwenda juu. Kikonyo cha tawi la ubavuni hutoa mche unaotambaa, usiosimama vizuri.

3. Kupogoa kufanywe mara baada ya mavuno, ili matawi mapya yapatikane kwa ajili ya matumba ya msimu ujao. Tawi likiwa limekwisha kujaa matumba yaliyolala, kulikata ni kukata mavuno.

4. Matandazo ya nyasi na majani ya migomba yawekwe kabla ya kiangazi. Hayaondoi kiangazi ambacho tumba hukihitaji, bali huilinda mizizi ili mvua ikija mti uwe na nguvu za kuamka na kushikilia matunda.

5. Mwenye uwezo wa kumwagilia asimwagilie kidogo kidogo kiangazi chote. Aache matumba yalale, kisha amwagilie kwa wingi mara moja.

6. Dawa za wadudu zisipulizwe wakati wa maua.

7. Mti ulionyauka usiachwe wala usiburutwe shambani kwenda kuwa kuni. Ung'olewe na kuchomwa mahali pale pale, na panga lililotumika lisafishwe kwa moto kabla ya kugusa mti mwingine.

Mwisho

Katika bustani za nchi za baridi, kamelia hupandwa ili maua yake yatazamwe. Mkulima wa Nyakasimbi hana nafasi ya kuyatazama sana maua ya mbuni wake, kwa kuwa hudumu siku mbili, na kwa kuwa ada ya shule na bati la nyumba vinangoja tunda, si ua. Lakini yafaa asimame asubuhi ile kibanja kinapogeuka cheupe, ahesabu ni aina ngapi za mibuni zilizochanua pamoja, na asikilize kama nyuki wapo. Akikuta aina moja tu, na kimya, bado anao muda wa kurekebisha: mashimo machache kati ya mistari, miche ya aina nyingine wakati wa mvua, na mzinga mmoja mpakani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa robusta methali hiyo ni kanuni ya uzazi.